Spea ya Kampuni, Spea ya Mtaani: Nani Atajibu Ikivunjika?

Magari mengi yanayofunguliwa injini kando ya General Waruinge Street, kuanzia Majengo hadi mpakani mwa Eastleigh, hayajawahi kuwa chini ya dhamana ya mtengenezaji hata siku moja tangu yakanyage ardhi ya Kenya. Yalishuka bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kiwango cha KS 1515 cha shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, kinaruhusu gari kuukuu lisilozidi miaka 8, na kwa kuwa umri hupunguza bei kule mnadani, waagizaji wengi hukaa ukingoni mwa kikomo hicho. Mwaka 2025 ukingo ulikuwa magari ya 2018. Kwa hivyo lile tishio ambalo mawakala wa kampuni hulitumia kote duniani, kwamba ukifunga spea isiyo yao dhamana inakufa, hapa Pumwani, Nairobi, halina wa kumtisha.

Ndiyo maana swali la spea ya kampuni au ya soko, likiulizwa kama linavyoulizwa London au Chicago, humpita mwenye Toyota Probox wa Shauri Moyo. Kwanza, yeye hana njia mbili pekee. Anayo ile ya wakala, ndani ya boksi lenye nembo ya gari. Anayo iliyotoka kwa mtengenezaji yuleyule wa spea lakini ikiwa ndani ya boksi la mtengenezaji huyo: Denso, Aisin, KYB, NGK. Anazo za viwanda ambavyo havijawahi kukiuzia kiwanda cha gari lake hata nati, vingine vyenye jina vinalolilinda, vingine vya kubadilisha jina kila kontena. Anayo Ex-Japan, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa. Halafu ipo feki, ambayo haina rafu yake kwa sababu hukaa kwenye rafu za wenzake wote.

Nikitazama bei za hizo zote naona kwamba mnunuzi hulipia vitu viwili kwa pamoja: chuma, na ushahidi wa chuma hicho ni cha nani. Wakala wa kampuni mara nyingi hauzi chuma bora sana kuliko mwenye duka la Kirinyaga Road. Anachouza kwa bei ya juu ni ushahidi, na pamoja nao mtu wa kumrudia. Ubishi wote wa spea unakuwa mwepesi ukiuweka hivyo: ni wapi ushahidi huo unastahili bei yake, na ni wapi unaweza kuupata kwa njia nyingine?

Chukua koili ya moto ya injini ya 1NZ, ile iliyomo ndani ya Probox, Vitz na Fielder zinazojaa mitaa ya Eastlands. Kwa Toyota nambari yake ni 90919-02240. Anayeitengeneza ni Denso, kampuni iliyotengana na Toyota mwaka 1949 na ambayo makao yake ni Kariya, mkoa wa Aichi. Anayelipia boksi la Toyota anapata koili ya Denso, na anayelipia boksi la Denso anapata koili ya Denso. Katikati ya boksi na boksi kuna kodi ya pango la Mombasa Road, ghala lenye kompyuta, VAT ya asilimia 16 isiyokwepeka, karani anayekagua nambari ya chesisi kabla ya kukuuzia, na faida. Karani huyo si mzaha. Nambari za Toyota zina mpangilio: 04465 mwanzoni ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shoki ya mbele kulia, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenga modeli na modeli. Watu wengi huilaumu spea kuwa mbovu wakati kosa lake lilikuwa moja tu, haikuwa ya gari lile.

Tusizidishe, lakini. Si kila spea iliyomo kwenye boksi la mtengenezaji ni pacha wa ile ya kampuni. KYB, iliyoanza Japani mwaka 1919, hutengeneza shoki za viwanda vya magari na pia hutengeneza za soko la ukarabati, na hizi za pili si lazima ziwe na ugumu uleule. Dereva ataona gari limekakamaa kidogo na atadhani ameuziwa feki. Kwa upande wa pili, hata ndani ya nyumba ya kampuni kuna ngazi: Toyota ina mstari wa spea unaoitwa Optifit, wa bei nafuu, kwa ajili ya magari yaliyozeeka. Kampuni yenyewe imekiri, bila kusema, kwamba mwenye gari la miaka 12 hawezi kulipa kama mwenye gari la miaka 2.

Kama hoja ingeishia hapo, jibu lingekuwa rahisi: nunua boksi la Denso, la Aisin, la NGK, umwachie wakala wenye magari mapya. Tatizo ni kwamba boksi hilo, kwa kuwa ndilo linalotafutwa na kila mwerevu, ndilo linaloigwa zaidi. Ukitoka Gikomba ukavuka Mto Nairobi unaingia Grogan, na juu yake Kirinyaga Road, ambako pengine hakuna spea ya gari la Japani isiyopatikana kabla ya saa nane mchana. Kabla hujafika dukani vijana watakuwa wamekuzunguka. "Boss, unatafuta nini? Jenuini iko." Huyo ni broka. Atakwambia ungoje, atapotea kwenye uchochoro, atarudi na boksi zuri lenye nembo na kibandiko kinachong'aa. Ukimpa pesa umenunua spea isiyo na duka. Ikikufia kesho huna mlango wa kubisha. Boksi halisi linaweza kujazwa tena. Kibandiko kinaweza kuchapishwa. Na plagi ya bandia ya NGK haitofautiani na halisi kwa macho ya mtu mwenye haraka.

Sheria ipo. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 ilizaa chombo ambacho leo ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, na anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo. KEBS nayo ina alama za ubora ambazo mnunuzi anaweza kuzihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023. Nimesimama mara nyingi mbele ya kaunta nikitazama watu wakinunua, na sijaona anayetuma. Hata angetuma, jibu lingemwambia kuwa alama ile ina kibali. Lisingemwambia kuwa kilichomo ndani ya boksi ndicho kilichopewa kibali.

Kuna jambo lingine ambalo neno jenuini halifuniki. Wenye magari Nairobi huchora nambari ya usajili kwenye vioo vya pembeni na taa, wengine hupigilia ribiti, kwa sababu kioo kikichomolewa usiku kinaweza kuuzwa tena asubuhi. Kioo hicho ni cha kampuni kabisa, kinaingia bila kusukumwa, na bei yake ni ya kupendeza. Aliyekinunua amepata kila sifa ya spea nzuri isipokuwa haki ya kuwa nayo. Ukiuziwa kioo chenye alama za kukwaruzwa pale nambari ilipokuwa, unajua ulichonunua.

Sasa fundi. Katika gereji ya kando ya barabara mteja hubishana hadi pumzi ya mwisho juu ya malipo ya ufundi. Akishamshusha fundi hadi shilingi mia tano anarudi nyumbani akijisifu. Fundi hakasiriki kwa sababu ana chake dukani: "Mama, tuma pesa kwa M-Pesa nikuchukulie yenyewe." Yenyewe itakayokuja ni ile ambayo pengo lake kati ya bei ya duka na bei aliyokutajia ni pana zaidi. Simlaumu sana. Mteja ndiye aliyeukataa mlango wa mbele, na fundi akaingilia wa nyuma. Anayemlipa fundi vizuri kwa mikono yake, kisha akaenda naye dukani na kulipa mwenyewe kwa nambari ya till yenye jina la duka, amenunua ushahidi wa maana kwa pesa kidogo: fundi anayejua ipi ni ipi na asiye na sababu ya kumficha, pamoja na rekodi ya malipo inayotaja aliyeuza. Akitoka adai na spea ya zamani irudishwe mkononi mwake, si kwa sababu ina thamani, ila ili ajue kwamba ilitolewa kweli.

Fundi mwenyewe ni dhamana, na watu wa Pumwani wameishi kwa dhamana ya namna hii tangu mtaa ulipopimwa mapema miaka ya 1920. Wakati ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipotoa ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972 na kuutambulisha uchumi huu wa jua kali kwa ulimwengu, mafundi walikuwa wamekwisha kuuendesha kwa miongo. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alipoelekeza macho Kamukunji, mabati ya vibanda yakapanda. Fundi wa jua kali hana cheti cha dhamana, lakini utamkuta pale pale kesho, na jirani zake wakijua alichokufanyia. Dhamana ya aina hiyo imefungwa na mahali. Mahali pakiondoka nayo imeondoka. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipofuatiwa na amri ya kuwahamisha walio ndani ya mita 30 kutoka mito ya Nairobi, na tingatinga zikaja, waliobomolewa hawakupoteza mabati peke yake. Wateja wao walipoteza mtu wa kumrudia, na hilo halikuhesabiwa na yeyote.

Turudi kwenye chuma, maana si kila spea inastahili wasiwasi sawa. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ikifa ghafla gari likiwa mwendoni, nini kitatokea?

Breki ndiyo kiini. Pedi za breki zikipata joto kali, gundi inayoshikilia unga wa kusugua huanza kutoa gesi, na gesi hiyo hukaa katikati ya pedi na diski. Dereva anakanyaga, gari halisimami. Katika msongamano wa Jogoo Road pedi mbovu inaweza kuficha aibu yake kwa wiki nyingi. Kwenye mteremko wa kushuka Mai Mahiu haifichi kitu. Hapa mnunuzi ana ushahidi ambao si wa wakala na si wa neno la muuzaji. Pedi nyingi za maana zina herufi mbili zilizopigwa ubavuni, kama FF au GG. Ya kwanza ni nguvu ya kusugua pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Pedi ya FE inashika vizuri ikiwa baridi na inalegea ikipata moto, na hiyo ndiyo saa unayoihitaji. Zilizopitishwa Ulaya huwa na E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R, maana yake zimepimwa dhidi ya pedi za kiwandani na hazikupishana nazo sana. Pedi yenye alama hizo, kutoka duka lenye risiti, naifunga bila kwenda Mombasa Road. Isiyo na herufi yoyote siifungi hata nikipewa bure. Na tusiutegemee ukaguzi wa magari wa Likoni Road kutufanyia kazi hii: mashine ya pale hupima kama breki inashika siku hiyo. Haisemi itashika hadi lini.

Boljointi na tairodi zimo katika fungu hilohilo. Boljointi ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari, na kinachofuata kinategemea nani alikuwa akija mbele. Mafundi wengi wa Eastlands watakwambia uchukue 555, chapa ya Japani ya Sankei, na ushauri wao ni mzuri. Ubaya wake ni uleule: chapa inayoaminiwa na mafundi wote ni neema kwa mwigaji. Kama duka ni geni kwako, spea hizi ndizo za kulipia bei ya wakala bila kunung'unika.

Belti ya taimingi haitakuua lakini itaua injini. Kwa injini nyingi za zamani za dizeli za Toyota, zile za HiAce, hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000, na ikikatika pistoni hugonga valvu. Belti ni sehemu ndogo ya gharama ya kazi nzima; kubana pesa pale ni kama kununua kufuli la shilingi mia kwa ajili ya sanduku la dhahabu. Filta ya oili nayo inaonekana kitu kidogo, bati na karatasi, lakini ndani ina valvu inayozuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Filta ya ovyo huachia, na kila asubuhi injini inaanza kavu kwa sekunde chache. Hutasikia kitu. Utasikia baada ya mwaka.

Ex-Japan inahitaji kusemwa kwa uadilifu kwa sababu inatukanwa na kusifiwa kwa jumla. Japani ilitunga sheria ya kuchakata magari chakavu iliyoanza kazi mwaka 2005, na magari hufunguliwa na watu wenye leseni. Sehemu nzuri hupangwa, huuzwa, hujazwa kontena. Zinazopitia Sharjah huchanganywa na za kutoka kwingine. Mlango, boneti, bampa, kioo, usukani, hata gia boksi: hapa Ex-Japan inalishinda boksi jipya la bei rahisi, kwa sababu bati lake lilikatwa na kalibu ya kiwanda na matundu yanakutana. Bampa mpya ya kuiga utaihangaikia na msumeno.

Taa za mbele zina kisa chake. Japani na Kenya zote huendesha kushoto, kwa hivyo taa iliyotoka Japani humulika chini na kuelekeza ncha ya mwanga kushoto, ukingoni mwa barabara. Taa ya gari lililouzwa Dubai au Ujerumani huelekeza upande wa pili, yaani machoni mwa anayekuja. Inaingia, inawaka, inapendeza. Anayeumia ni mwenzako, na ndiyo sababu kosa hili halirekebishwi: mwenye gari haoni kasoro yoyote.

Lakini kila chenye mpira au mafuta ndani yake, Ex-Japan ni bahati nasibu. Shoki iliyotumika miaka 10 huko kwenye lami ya Nagoya inakuja kumalizia maisha yake kwenye mashimo ya Ring Road Pumwani, na sili zake huvuja ndani ya miezi. Bushi nazo huzeeka hata zikiwa rafuni. Injini nzima ya Ex-Japan ni uamuzi halali ikiwa imesikizwa ikiunguruma kabla ya kulipiwa, na ikiwa mwenye gari ataenda kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kubadilisha nambari ya injini kwenye rekodi. Wasiofanya hivyo hukumbuka siku ya kuuza gari.

Kuna kimoja nisichokikubali kabisa: mfuko wa hewa wa mtumba. Kashfa ya Takata iliwalazimu watengenezaji kuyaita tena magari kwa mamilioni duniani, kwa sababu kemikali ya kupulizia mfuko, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali bati lake hupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Takata iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017. Magari ya Japani ya miaka ya kashfa hiyo yako tele barabarani kwetu. Wito wa kuyarudisha ulitangazwa Japani, kwa wenye magari wa Japani, na gari likishavuka bahari barua haimfuati mnunuzi wa tatu. Hapa wakala ana kitu ambacho Grogan nzima haina: uwezo wa kuangalia nambari ya chesisi na kusema kama gari lako limo kwenye orodha. Hata asiyenunua spea kwake maisha yake yote ana sababu ya kwenda kuuliza hilo mara moja.

Kwa mwenye matatu hesabu inageuka, kwa sababu gari likisimama pesa inasimama. Namba zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu. Mwenye gari aweke zake. Tuseme pedi za wakala ni shilingi 9,000 na zinakwenda kilomita 45,000. Za chapa nzuri ya soko ni 4,500 kwa kilomita 30,000. Za bei ya chini ni 2,500 kwa kilomita 12,000. Na ufundi ni 500 kila mara. Kwa kila kilomita 1,000, za wakala zinagharimu kama shilingi 211, za chapa nzuri 167, za rahisi 250. Rahisi imekwisha kushindwa. Sasa ongeza nusu siku ya kukosa abiria, tuseme shilingi 3,000, kila pedi zinapobadilishwa. Za wakala zinafika 278, chapa nzuri 267, rahisi 500. Tofauti kati ya wakala na chapa nzuri imekaribia kwisha, na matatu moja ikilala siku nzima kwa sababu ya feki iliyopenya, wakala ameshinda. Wanaoendesha basi jipya la Isuzu kwa mkopo wa benki wanaijua hesabu hii vyema, na wao ndio wachache mtaani ambao bado wana dhamana ya kulinda. Mwenye Vitz ya kwenda kanisani na sokoni hana nusu siku ya kupoteza pesa. Kwake chapa ya kati ndiyo akili.

Sheria ingeweza kuupunguza uzito wa uamuzi huu. Marekani tangu mwaka 1975, kwa sheria inayojulikana kama Magnuson-Moss, mtengenezaji haruhusiwi kufuta dhamana kwa sababu tu mteja amefunga spea ya kampuni nyingine. Afrika Kusini ilitoa mwongozo wa kulifungua soko la ukarabati wa magari, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Kwetu kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na ile kongwe ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, iliyonakiliwa kutoka kwa Waingereza. Hii ya mwisho ina mtego ambao wanunuzi wengi huingia bila kujua. Ukimweleza muuzaji gari lako na kazi unayotaka spea ifanye, ukategemea ujuzi wake, sheria inamfunga akuuzie kinachofaa kazi hiyo. Lakini ukiingia ukaagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara, sharti hilo la kufaa linaweza kuondoka, kwa kuwa umechagua mwenyewe. Yule anayejiona mjanja kwa kutaja chapa na nambari ameachia ulinzi; aliyesema tu "ndugu yangu, nina Probox ya 2015, breki zinapiga kelele" anao. Mimi ningemtaka muuzaji aandike modeli ya gari kwenye risiti. Bango la bidhaa iliyouzwa hairudishwi, lililobandikwa karibu kila kaunta ya vifaa vya umeme, lingepungua makali mbele ya risiti kama hiyo.

Kwa wakala nako kuna kasoro zisizohusu bei. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile nambari ya VIN ya herufi na tarakimu 17. Lina nambari fupi ya fremu, kama NCP51 na tarakimu zake. Wakala aliyejengwa kuhudumia magari aliyoyauza mwenyewe huweza kuhangaika nayo, na spea ikaagizwa kutoka nje huku gari limekaa juu ya mawe. Duka la Kirinyaga Road limeishi kwa magari hayo hayo ya mtumba tangu mwanzo, na mwenye duka huijua NCP51 kwa kichwa.

Tena wakala anaweza kuondoka. CMC, iliyoanza biashara Nairobi mwaka 1948 na ambayo vizazi vya Wakenya viliijua kwa Land Rover, Ford, Mazda na Suzuki, ilinunuliwa na Al-Futtaim ya Dubai mwaka 2014. Januari 2025 ikatangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyenunua gari jipya kwa sababu ya uhakika wa spea za kampuni alilipia ushahidi wa mtu aliyetangaza kufunga duka. Mwenye Mazda Demio ya mtumba, iliyokuja na meli na isiyowahi kuingia kwenye karakana ya wakala, hakuhitaji kusoma tangazo lile. Pedi, koili na taa zake zilikuwa ng'ambo ya mto kabla ya Januari, na Februari zilikuwa pale pale, feki na halisi zikiwa zimechanganyika kama kawaida.